UZI: Vumbi linalozunguka nyota changa halijabaki tangu mwanzo, linazalishwa na migongano inayoendelea hadi leo

Mpenda Falaki

Wakuu, salaam.

Nimeona tujadili jambo hili kwa kina, kwa sababu habari za sayari za mbali zikitangazwa tunaambiwa zimepatikana basi, hatuambiwi zimepitia nini hadi kuwa sayari. Hoja yangu ni moja na niko tayari kuitetea: ukiona vumbi kuzunguka nyota ambayo imeshapoteza gesi iliyozaliwa nayo, ujue hapo kuna magimba ya mwamba na barafu yanayogongana. Sisemi yaligongana enzi za kale yakaisha. Yanagongana sasa.

Sababu ni kwamba vumbi halidumu. Mwanga una msukumo. Ni mdogo mno kwa mtu au jiwe, ila kwa chembe ndogo sana unashinda uvutano wa nyota. Kwa nyota kama Jua letu, chembe iliyo chini ya nusu maikromita hivi (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) hutupwa nje ya mfumo. Kwa nyota kali kama Fomalhaut, inayong'aa takriban mara 16 ya Jua, hata chembe za maikromita kadhaa hazishikiki. Zile kubwa kidogo zinaponea hapo, lakini mwanga huohuo unazipunguzia mwendo kidogokidogo, obiti, yaani njia ya kuzunguka nyota, inasinyaa, mwishowe zinaangukia kwenye nyota. Chembe ya maikromita moja iliyo umbali wa Dunia kutoka kwenye Jua haimalizi miaka elfu chache.

Sasa linganisha na umri wa nyota zenyewe. Fomalhaut ina miaka kama milioni 440. Vumbi lililozaliwa nayo lilishapotea kitambo. Vumbi likitimka barabarani kuna aliyepita, hata kama hujamwona.

Kisa kilianza mwaka 1983. Setilaiti ya IRAS, ya Marekani, Uholanzi na Uingereza, ilikuwa inapima joto la anga kwa infraredi, mwanga wa joto usioonekana kwa macho, na Vega ilikuwa mojawapo ya nyota za kurekebishia vipimo kwa kuwa tabia yake inajulikana vizuri. Vega ikatoa infraredi nyingi kuliko inavyopaswa. Joto la ziada lilitoka kwenye vumbi. Fomalhaut na Beta Pictoris nazo zikakutwa hivyohivyo. Mwaka uliofuata Bradford Smith na Richard Terrile walielekeza darubini ya Las Campanas, Chile, kwenye Beta Pictoris, wakaziba mwanga wa nyota yenyewe, na diski ya vumbi ikaonekana ubavu kabisa. Hiyo ndiyo picha ya kwanza ya aina hiyo.

Mwenye swali aulize, mwenye kupinga apinge kwa hoja.

Kisima cha Maswali

Mkuu asante kwa uzi, nimeshakaa mbele. Nina jambo linanisumbua. Mwaka 2008 si tulitangaziwa kwamba Fomalhaut ina sayari, na imepigwa picha kabisa? Baadaye nikasikia siyo sayari, ni vumbi. Watu wa kawaida tuamini lipi?

Mpenda Falaki

Swali hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi, ndugu yangu. Twende taratibu.

Paul Kalas na wenzake walitangaza Novemba 2008 baada ya kulinganisha picha za darubini ya anga Hubble za 2004 na 2006. Kulikuwa na nukta imesogea, karibu na ukingo wa ndani wa mkanda mkubwa wa vumbi. Mkanda huo uko mbali na nyota kiasi cha mara 140 hivi ya umbali wa Dunia na Jua. Tena kitovu cha mkanda hakiko palepale ilipo nyota, kimehama kwa kadiri ya mara 15 ya umbali huohuo. Kitu kama hicho unaweza kukieleza kwa sayari inayovuta mkanda upande mmoja. Kwa hiyo walikuwa na sababu nzuri ya kufikiri ni sayari.

Ila kulikuwa na jambo lisilokaa sawa tangu mapema. Nukta iling'aa kwenye mwanga wa kawaida, na kwenye infraredi haikuonekana. Sayari kubwa iliyo changa bado ina joto la kuzaliwa kwake, infraredi ndiyo ingeionesha. Kukawa na wanasayansi waliosema wakati huohuo kwamba huenda tunaona mwanga wa nyota ukiakisiwa na vumbi tu.

Hubble ikaendelea kutazama. Nukta ikawa inafifia na kutanuka. Kufikia picha za 2014 haikuonekana tena. Sayari haitanuki na kupotea ndani ya miaka kumi. András Gáspár na George Rieke wa Chuo Kikuu cha Arizona walichapisha uchambuzi mwaka 2020: mwenendo wote unalingana na wingu la vumbi laini kutokana na magimba mawili ya barafu, kila moja la upana wa kama km 200, yaliyogongana muda mfupi kabla ya picha ya 2004. Hata njia yake haikuwa ya kuzunguka nyota, ilikuwa ya kutoroka, na ndivyo mwanga unavyolifanya vumbi jepesi.

Sasa sikia sehemu inayonifurahisha zaidi. Mwaka 2023 Hubble ilipiga tena Fomalhaut, na kukaonekana nukta mpya, sehemu tofauti na ile ya kwanza, mahali ambapo picha za awali hazikuwa na kitu. Kalas na wenzake wakaichapisha Desemba 2025. Wameipa jina Fomalhaut cs2, na ile ya zamani sasa inaitwa cs1. Magimba yaliyotoa wingu hilo la pili wanayakadiria kuwa ya upana wa km 60 hivi. Mtu aliyetangaza sayari mwaka 2008 ndiye aliyeongoza kazi ya kuonesha kwamba pale kuna migongano. Kuhusu nani wa kuaminiwa, mimi hilo ndilo linanipa imani.

Jicho Kavu

Naheshimu maelezo, ila nina pingamizi. Hesabu zilizokuwapo zilisema mgongano wa ukubwa huo kwenye mfumo ule utokee mara moja kwa miaka laki moja au zaidi. Leo tunaambiwa miwili ndani ya miaka 20. Nadharia ikikosea kwa kiasi hicho, kwa nini tusiseme maelezo yenyewe ya mgongano ndiyo yenye tatizo?

Mpenda Falaki

Pingamizi la haki. Tenganisha mambo mawili, mkuu: kwamba mgongano umetokea, na kwamba migongano hutokea mara ngapi. La kwanza linasimama kwenye tabia ya wingu: limetokea ghafla, limefifia, limetanuka, limesukumwa na mwanga. La pili linasimama kwenye makadirio ya idadi ya magimba na jinsi yalivyosambaa. Makadirio hayo yanachukulia kuwa magimba yamesambaa sawasawa kwenye mkanda mzima.

Na hapo ndipo ninapoona mlango. cs1 na cs2 zimetokea karibukaribu, zote upande mmoja, kwenye ukingo wa ndani wa mkanda. Kama migongano ingekuwa ya kubahatisha tu kwenye mkanda mzima, hilo lingekuwa la ajabu. Maoni yangu ni kwamba eneo lile lina msongamano: huenda kuna sayari ambayo hatujaiona inayopindisha obiti za magimba hadi zikatane. Darubini ya James Webb mwaka 2023 ilionesha kwamba ndani ya mkanda wa nje kuna mkanda mwingine wa kati, na diski pana karibu zaidi na nyota. Mikanda haijitengi yenyewe bila kitu cha kuitenga.

Hesabu Kwanza

Naomba niongeze namba kidogo maana bila namba mjadala utaelea.

Dunia inazunguka Jua kwa km 30 hivi kwa sekunde. Fomalhaut ina tungamo karibu mara mbili ya Jua, na mkanda uko mara 140 mbali zaidi. Mwendo wa obiti pale unatoka kama km 3.5 kwa sekunde, na mzunguko mmoja unachukua takriban miaka 1,200. Magimba mawili yakienda upande mmoja kwa obiti zinazofanana kabisa, yatakutana polepole. Obiti zikiwa zimepindana kwa sehemu moja ya kumi tu, mwendo wa kugongana unafika kama mita 300 kwa sekunde na zaidi.

Sasa uliza: gimba la barafu la upana wa km 60 linaweza kushikilia vipande vyake kwa uvutano kiasi gani? Kwa uzito wa barafu, kipande kinachoruka kwa zaidi ya mita 20 na kitu kwa sekunde hakirudi. Mita 300 dhidi ya mita 20. Gimba linasambaratika.

Kwa hiyo hatuhitaji mwendo wa ajabu. Obiti zikivurugwa kidogo tu, kinachobaki ni kusagana.

Bahari ya Usiku

Hapo ndipo ninapopotea, kaka. Kama wakikutana wanasambaratika, sayari zinakuaje? Dunia hii si ilijengwa kwa kugongana hukohuko?

Mwalimu wa Fizikia

Dada, umegusa kiini chenyewe, niruhusu nijibu kwa urefu.

Jibu liko kwenye alama ambayo Hesabu Kwanza ameigusa: mwendo wa kugongana ukilinganishwa na uvutano wa magimba yenyewe. Mwendo ukiwa mdogo kuliko ule wa kutoroka, yanaungana. Ukiwa mkubwa mara nyingi, yanavunjika. Katikati kuna mambo mengi: kuchubuana, kugusana na kuachana, kuvunjika kisha vipande vikarudi kukusanyika.

Mwanzoni kabisa nyota imezungukwa na gesi pamoja na vumbi. Gesi ni mlezi, inatuliza mwendo. Chembe zinakutana polepole na kunatana kwa nguvu ndogo za umeme za juu ya chembe zenyewe. Zinakua hadi milimita, hadi sentimita. Kisha zinakwama. Vikokoto vya ukubwa huo vikigongana havinatani tena, vinadunda. Na kitu kikifika kama mita moja kinapata tatizo jingine: gesi inazunguka polepole kuliko kitu hicho, kwa hiyo kinapigana na upepo wa mbele muda wote, kinapoteza mwendo na kuzama kuelekea kwenye nyota. Kwenye umbali wa Dunia, gimba la mita moja lingemalizika kwa takriban miaka mia moja tu. Tatizo hili liliwasumbua watafiti kwa miongo.

Suluhisho linalokubalika na wengi sasa ni kwamba vikokoto havipandi ngazi moja moja. Vinapokuwa vingi mahali pamoja vinaivuta gesi pamoja navyo, upepo wa mbele unapungua, vikokoto vingine vinakuja kujazana nyuma yake, hadi kundi zima linajikunja kwa uvutano wake na kuwa gimba la makumi au mamia ya kilomita kwa mkupuo. Ngazi ya mita moja inarukwa kabisa.

Ushahidi mzuri tumeuona. Tarehe 1 Januari 2019 chombo cha New Horizons kilipita karibu na Arrokoth, gimba la urefu wa km 36 hivi lililo nyuma ya Neptuni. Ni vipande viwili vimeshikana shingoni, na shingo haina majeraha ya kupondwa. Walikutana kwa mwendo wa mtu anayetembea, au pungufu. Magimba yale yalizaliwa pamoja kutoka kwenye wingu moja la vikokoto, yakazungukana, yakagusana.

Gesi ikishaondoka, ndani ya miaka milioni chache hadi kumi hivi, mlezi ameondoka. Sayari na magimba makubwa yanaanza kuvuruga obiti za madogo. Hapo migongano inakuwa ya kuvunja. Lakini kwa magimba yaliyokwisha kuwa makubwa, yenye ukubwa wa Mwezi au Mirihi, uvutano wao ni mkubwa kiasi kwamba hata mgongano mkali unaacha sehemu kubwa ya tungamo imeshikana. Mfumo uleule, wakati uleule, wakubwa wanakua na wadogo wanasagwa. Hakuna mgongano wa hoja hapo.

Bahari ya Usiku

Nimeelewa, ahsante sana mwalimu. Yaani unapoona vumbi unaona wadogo walioshindwa kukua.

Mwalimu wa Fizikia

Au vipande vya wakubwa waliokutana vibaya. Vyote viwili.

Jambo moja la kushangaza: gimba dhaifu kuliko yote siyo dogo sana wala kubwa sana. Jiwe dogo linashikiliwa na uimara wa mwamba wenyewe. Gimba la kilomita nyingi linashikiliwa na uvutano. Lililo la mita mia moja hivi lina nyufa nyingi za kulidhoofisha na halina uvutano wa kulikomboa. Hilo ndilo rahisi kulivunja.

Kisima cha Maswali

Mwanzo wa uzi umesema mwamba na barafu. Inaleta tofauti gani kama gimba ni la barafu? Barafu si laini?

Mpenda Falaki

Kwenye baridi ya nyuzi 200 chini ya sifuri barafu ya maji ni ngumu kama mwamba, ingawa inavunjika kirahisi kuliko mwamba wa kweli. Tofauti kubwa iko kwenye kinachotoka baada ya mgongano. Mwamba ukivunjika unatoa vumbi. Barafu ikivunjika inatoa vumbi na gesi, na gesi hiyo inatusaidia mno kwenye upelelezi.

Chukua Beta Pictoris, nyota ya miaka milioni 20 hivi, iko miakanuru 63 kutoka kwetu (mwakanuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja) katika kundinyota la Mchoraji. Mwaka 2014 kundi la watafiti waliotumia ALMA, safu ya antena kwenye nyanda za juu za Atacama nchini Chile, waliona gesi ya monoksaidi ya kaboni kwenye diski yake. Gesi hiyo haikuenea sawa, imejazana upande mmoja. Mwanga wa urujuanimno, ule mkali usioonekana kwa macho, unaivunja ndani ya miaka mia moja na kitu. Miaka mia moja, kwenye nyota ya miaka milioni 20! Lazima kuna chanzo kinachoijaza bila kupumzika. Walipiga hesabu wakapata kwamba ili kiwango kile kibaki, ni lazima barafu ya kiasi cha kometi kubwa moja iharibiwe kila baada ya dakika tano hivi. Kila nikiifikiria takwimu hiyo najiuliza mfumo wetu ulikuwaje ulipokuwa na umri huo.

Na barafu yenyewe, si gesi yake tu, sasa imeshaonekana. Mei 2025 ulichapishwa utafiti wa James Webb kuhusu HD 181327, nyota ya miaka kama milioni 23 iliyo miakanuru 155. Barafu ya maji, yenye fuwele, imechanganyika na vumbi. Sehemu ya nje ya diski ina barafu kwa zaidi ya asilimia 20. Katikati ni kama asilimia 8. Karibu na nyota hakuna karibu chochote, maana mionzi ya urujuanimno inaichomoa barafu kwenye chembe. Kumbukeni hapo pia: chembe laini ya barafu haidumu chini ya mionzi ile. Kama ipo, imetoka kupasuliwa karibuni.

Jicho Kavu

Sawa, barafu nimeikubali. Lakini yote haya ni vumbi la jumla. Kuna mahali ambapo tumeona kabla na baada kwenye sayari kubwa, si mabonge ya km 60?

Mtafiti Mdogo

Naomba nijibu hili maana nimelisoma sana.

Kuna nyota inaitwa NGC 2547-ID8, ina miaka kama milioni 35. Spitzer, darubini ya anga ya infraredi, ilikuwa inaitazama mara kwa mara. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 joto la vumbi lake lilipanda ghafla, kisha likaanza kushuka. Watafiti walieleza kuwa magimba makubwa yaligongana, mvuke wa mwamba ukaganda kuwa chembechembe, chembe zikasagana. Ni mara ya kwanza kwa tukio la aina hiyo kufuatiliwa kabla na baada.

Kisha kuna ASASSN-21qj. Desemba 2021 nyota ya kawaida kama Jua, iliyo miakanuru kama 1,800, ilianza kufifia bila mpangilio. Mwanafalaki asiye wa kazi hiyo akatazama kumbukumbu za infraredi akagundua kwamba karibu miaka miwili na nusu kabla ya kufifia, mfumo huo ulikuwa umepanda joto. Utafiti wa Oktoba 2023 ulisoma hivi: sayari mbili jitu za barafu ziligongana, mabaki yao yakawaka kwa joto la takriban kelvini 1,000 kwa siku kama elfu moja, na wingu la vumbi lilipozunguka likaja kupita mbele ya nyota. Nyota yenyewe ina miaka kama milioni 300.

Na Beta Pictoris aliyoitaja Mpenda Falaki ina kisa cha pili. Spitzer iliona vumbi la fuwele za silikati (madini ya mwamba), la moto, karibu na nyota mwaka 2004 na 2005. James Webb ilipotazama karibu miaka 20 baadaye, vumbi hilo halipo. Christine Chen na wenzake walieleza mwaka 2024 kwamba Spitzer ilikuta mabaki mapya ya mgongano wa magimba makubwa, yaliyosukumwa nje na mwanga wa nyota kabla hatujarudi kutazama. Hapa tumeona baada, na tumeona baada ya baada.

Jicho Kavu

Kwenye ASASSN-21qj bado nina shaka. Joto kwanza, kufifia baadaye, yanaweza kuwa mambo mawili tofauti.

Mtafiti Mdogo

Ni usomaji, siyo ushahidi wa mwisho, nakubaliana. Njia ya kuupima ipo: vumbi likiendelea kusambaa kwenye obiti, mwanga wa nyota utakaoakisiwa nalo unapaswa kuonekana kwa James Webb.

Kama unataka kesi ngumu kuikwepa, chukua HD 172555, miakanuru kama 95, miaka milioni 23. Spitzer ilikuta kwenye vumbi lake kioo cha silika, aina ile inayotokea mwamba ukiyeyuka na kupoa ghafla. Ili mwamba uyeyuke kwa wingi huo magimba yalipaswa kukutana kwa zaidi ya km 10 kwa sekunde. Kilo moja ikienda kwa mwendo huo ina nishati ya megajuli 50, karibu mara 12 ya kilo moja ya baruti ya TNT. Baadaye, mwaka 2021, ALMA ikaonesha pete ya monoksaidi ya kaboni, karibu na nyota kuliko inavyotarajiwa kwa barafu. Maelezo yao: mgongano wa angalau miaka laki mbili iliyopita uliichubua sayari ya ukubwa wa kama Dunia angahewa yake. Kioo na gesi, mashahidi wawili wasiojuana.

Hesabu Kwanza

Hilo la HD 172555 ndilo linalonigusa kuliko yote kwenye uzi huu. Angahewa nzima imetolewa nje na inazunguka nyota peke yake, na sisi tunaipima kutoka miakanuru 95.

Bahari ya Usiku

Na kwetu je? Jua letu liliwahi kuwa hivyo?

Mpenda Falaki

Liliwahi, na alama zimebaki kila upande. Mwezi wetu ndio mkubwa. Maelezo yanayoungwa mkono na wengi ni kwamba miaka bilioni 4.5 iliyopita gimba la ukubwa wa Mirihi, linaloitwa Theia, liliigonga Dunia changa, na mabaki yakajikusanya kuwa Mwezi. Bado kuna fumbo lisilofunguka vizuri: isotopi za oksijeni, yaani aina zake zinazotofautiana kwa uzito, za miamba ya Mwezi zinafanana mno na za Dunia, ilhali mgeni angepaswa kuacha alama yake. Uranus imelala ubavu, mhimili wake umeinama kwa nyuzi 98, na mgongano ndio maelezo yanayotajwa zaidi.

Kwenye ukanda wa asteroidi, Kiyotsugu Hirayama wa Japani aligundua mwaka 1918 kwamba kuna asteroidi zenye obiti zinazofanana kupita bahati. Ni familia, kila moja ni vipande vya mzazi mmoja aliyevunjika. Nje ya Neptuni kuna familia ya Haumea, iliyotambuliwa 2007, na wanafamilia wana uso wa barafu safi ya maji. Ganda la barafu la mzazi lilipasuliwa likatawanyika.

Asteroidi Bennu na Ryugu, ambazo vyombo vimezitembelea na kurudisha sampuli, si miamba mizima. Ni marundo ya vifusi, vipande vya magimba ya zamani yaliyosambaratika vikakusanyika tena. Sampuli za Bennu zilizoshuka Utah Septemba 2023 zimekutwa na chumvi za maji yaliyokauka na asidi amino 14 kati ya 20 zinazotumiwa na viumbe vya Dunia. Gimba mama lilikuwa na barafu, ikayeyuka ndani, ikafanya kemia yake, kisha mgongano ukalipasua na kuleta vipande hadi jirani yetu. Bila mgongano, kemia ile ingebaki imefungiwa ndani ya gimba la mbali ambalo hatungelifikia.

Mwalimu wa Fizikia

Na tumeshafanya mgongano wenyewe. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo cha DART cha NASA kiliigonga Dimorphos, asteroidi ndogo inayozunguka nyingine kubwa zaidi, kwa takriban km 6 kwa sekunde. Obiti yake ya saa 11 na dakika 55 ikapungua kwa dakika 33, zaidi ya ilivyotarajiwa, kwa sababu vifusi vilivyoruka nyuma viliongeza msukumo. Somo hilo linaingia moja kwa moja kwenye hesabu za mifumo changa: rundo la vifusi halipokei pigo kama mwamba mzima.

Kisima cha Maswali

Swali langu la mwisho wakuu. Hiyo cs2 itafuatiliwaje? Au tusubiri ipotee kama cs1?

Mpenda Falaki

Itafuatiliwa kwa Hubble na kwa James Webb. Kitu cha kutazama ni umbo. Ikibadilika kutoka nukta na kurefuka kuelekea mbali na nyota, ni mwanga unaosukuma chembe laini. Rangi zake kwenye infraredi zinaweza kuonesha ukubwa wa chembe na kama kuna barafu ya maji ndani yake, jambo ambalo kwa cs1 hatukulipata, maana James Webb ilirushwa Desemba 2021 na wingu lilikuwa limeshapotea.

Kuna jambo la vitendo pia kwa wanaotafuta sayari kama Dunia. Wingu la vumbi linaloakisi mwanga linaweza kuonekana kama sayari kwa miaka mingi, cs1 ilitufanyia hivyo. Darubini zijazo zitakazopiga picha sayari ndogo karibu na nyota za jirani zitakutana na nukta za namna hii. Picha moja haitatosha. Itabidi kurudi mahali palepale baada ya miaka, kuona kama nukta inafuata obiti au inatanuka.

Jicho Kavu

Kwenye cs2 mimi nitasubiri umbo. Ikirefuka, nitarudi hapa kuandika kwamba nimeridhika.

Mpenda Falaki

Karibu sana mkuu. Nitaweka taarifa kwenye uzi huuhuu kila uchambuzi mpya utakapotoka.